Gesi ya Eyakondishena Haiishi, Huvuja

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye magari ya kukodisha



Leo nimeombwa tuongee juu ya eyakondishena, ile mashine ya kuleta baridi ndani ya gari. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya matajiri. Lakini siku hizi vikundi vingi vina gari la kukodisha, na mtu anayelikodi kwenda arusi Voi au Mombasa wakati wa jua la Februari huuliza kwanza: lina baridi?

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi chenye gari kama hilo. Siku moja likaanza kupuliza hewa ya joto. Tukalipeleka kwa fundi, akasema, "Gesi imeisha." Akatia gesi, tukalipa. Baada ya wiki chache, joto tena. Tukarudi, tukalipa tena. Mara ya tatu kompresa ikakataa kuwaka kabisa, na yule fundi akaunganisha waya moja kwa moja ili iwake kwa lazima. Ikazunguka siku mbili, ikakwama. Pesa za kununua kompresa nyingine zilikuwa pesa za wanachama. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya akina mama kueleza zimekwenda wapi. Sitaki yawapate ninyi.

Basi tujue jambo moja: gesi ya eyakondishena haichomwi kama petroli. Inazunguka tu ndani ya mabomba. Kompresa huikandamiza ikawa moto. Kisha hupita kwenye kondensa, ile sahani ya vyuma mbele ya rejeta, ikapoa na kuwa maji. Halafu hupita katika tundu jembamba na kugeuka gesi tena nyuma ya dashibodi, na hapo ndipo huvuta joto. Ni kama jasho: likikauka mwilini, unasikia baridi. Kwa hivyo gesi ikipungua sana kwa muda mfupi, kuna mahali inavuja. Kutia gesi bila kuziba ni kuteka maji kwa mtungi uliotoboka.

Kabla ya kumlipa mtu, jichunguzieni haya:

1. Je, hewa inatoka kwa nguvu? Ikiwa ni kidogo, huenda chujio la hewa limejaa vumbi, au feni ya ndani ni mbovu.

2. Tazameni ukanda unaozungusha kompresa, injini ikiwa imezimwa. Je, umelegea au umekatika?

3. Washeni injini na eyakondishena. Mtu asimame kando, mikono na nguo mbali na feni, asikilize. Magari mengi hulia "tak" klachi ya kompresa inaposhika. Isiposhika, angalieni fyuzi kwanza. Kama fyuzi ni nzima, huenda gesi ni kidogo: kuna swichi inayozima kompresa gesi ikipungua. Swichi hiyo ni mlinzi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi ikivuja, mafuta nayo hupungua. Ndiyo sababu kompresa yetu ilikwama: fundi alimfukuza mlinzi, mashine ikazunguka kavu.

4. Je, baridi huja gari likikimbia na kupotea likisimama? Angalieni feni ya kondensa. Pia osheni kondensa kwa maji ya polepole, mtoe matope, majani na wadudu. Hii haina gharama.

5. Tafuteni mafuta yenye vumbi kwenye viungo vya mabomba. Hapo ndipo gesi mara nyingi hutokea. Pakeni povu la sabuni injini ikiwa imezimwa. Likifanya mapovu, mmeshampata mwizi.

Hapo mwisho wa kazi yenu. Msifungue bomba lolote. Gesi ikitoka kwa ghafla hugandisha ngozi na inaweza kupofusha macho. Na mtu asichomelee bomba lenye gesi, kwa maana gesi hiyo ikiungua hutoa sumu.

Mkifika kwa fundi, mwulizeni: Umeona inavuja wapi? Utabadilisha pete za mpira na chujio la kukausha unyevu? Utafyonza hewa yote kwa pampu kabla ya kutia gesi? Utapima gesi kwa mizani? Kiasi na aina ya gesi mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari ya zamani yalitumia R-12, ambayo ilianza kuondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Mengi yaliyofuata hutumia R-134a, na mapya zaidi R-1234yf. Zisichanganywe. Na akitaka kutia gesi ya kupikia, ondokeni na gari lenu: hiyo hushika moto.

Kuna sababu nyingine pia. R-134a ikivuja hewani, kilo moja huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya kaboni. Ndiyo maana nchi zilikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za namna hii. Sisi tunaongojea mvua tusiyachukulie hayo kama maneno ya mbali.

Ikiwa kompresa imekufa, kaeni kikao kabla ya kununua. Pigeni hesabu: gari litalipa lini? Pengine kufungua madirisha kwa mwaka mmoja ni afadhali kuliko deni.

Na kila risiti iandikwe: nini kilivuja, nini kimezibwa. Risiti ikisema "gesi" tu, mweka hazina asilipe kabla hajauliza.