Kung'oa Badoki kwa Ajili ya Popo: Kazi ya Kujitolea na Msimu Wake



Mada yangu inahusu gugu moja tu. Huko Kanada na Marekani wako watu wanaojitolea kung'oa badoki, mmea uliofika na walowezi kutoka Ulaya na sasa umejaa kando ya njia, mito na mashamba yaliyoachwa. Anayekijua kishona nguo ameshaujua nusu yake, ila badoki huzaa vidonge vya mviringo vilivyojaa vindoano kila upande. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, aliviona vimeganda kwenye manyoya ya mbwa wake, na hapo ndipo lilipoanza wazo la velkro.

Sasa chukueni popo mla wadudu, mwenye uzito wa gramu kumi hivi. Anamfukuza nondo chini chini, bawa linagusa kichala cha vidonge, linanasa. Kadiri anavyofurukuta ndivyo utando unavyozidi kushikwa, na asipoonwa na mtu hufia hapo hapo. Muuaji mkubwa wa popo hao ni ugonjwa wa pua nyeupe, unaoletwa na kuvu iliyoonekana mara ya kwanza New York mwaka 2006 na kuua mamilioni. Huo mtu wa kujitolea hawezi kuuondoa. Lakini jike wa popo mdogo wa kahawia, aina mojawapo ya hao, huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kila aliyenusurika ana thamani.

Badoki huishi miaka miwili. Wa kwanza hutoa majani mapana yaliyolala chini; wa pili hupandisha shina, huchanua, huzaa, kisha hufa. Ule mchanga hukatwa mzizi ndani ya udongo kwa sepetu. Kuuvuta kwa mikono ni kujichosha bure, maana mzizi huzama mbali. Ule wa mwaka wa pili hufyekwa ukianza kuchanua. Ukiwahi mno utachipua tena, ukichelewa mbegu zimekomaa, na kuburuta mashina njiani ni kuzipanda. Aliyechelewa akate vichala na kuvifunga ndani ya mfuko. Kusema kweli, hapa ndipo kampeni nyingi zinapoharibika: siku hupangwa kwa kufuata ratiba ya mgeni rasmi, wala si ya mmea.

Ukimkuta popo amenasa, usimguse kwa mikono mitupu, kwani anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ita wataalamu.

Je, nasi tukafyeke? Popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani, ni mkubwa na hula matunda. Adui zake walikuwa wawindaji na wakata misitu, si gugu. Alipopona, kutoka wachache sana hadi zaidi ya 20,000, ni kwa kuwa wanavijiji, wakiwamo wa Kidike, waliacha kumwinda na wakailinda miti anayolala.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuanza kwanza kijue popo wa kwao ni wepi, wanalala wapi na wanakula nini. Majembe yanunuliwe baadaye.