Nairobi hadi Addis Ababa: Umbali wa Anga na wa Barabara

Umbali wa anga, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya sehemu mbili, ni takriban kilomita 1,160 kutoka Nairobi hadi Addis Ababa, na ndege huumaliza kwa saa mbili hivi. Barabara, inayopitia Isiolo, Marsabit na Moyale kabla ya kupanda nyanda za juu za Ethiopia, huzidi kilomita 1,500, kwa kuwa hufuata miji na kukwepa milima. Hata hivyo, lami ya Isiolo hadi Moyale imefupisha mno muda wa safari, ingawa lori linaposubiri hati za forodha mpakani, mfanyabiashara huendelea kuhesabu saa.