Uso Usiopona, na Zebaki Isiyo ya Machimboni

Wazee wetu, walimu, na jamaa zetu wote wa Shinyanga na Geita,

Leo twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni uso mkavu wenye kubabuka na kuwasha, usiopona mwezi baada ya mwezi. Wakati wa kiangazi, upepo uvumapo katika mbuga za Usukuma, ngozi ya kila mtu hukauka kidogo. Ukavu wa namna hiyo dawa yake ni nyepesi: kunawa kwa maji ya uvuguvugu, kuacha sabuni kali na dodoki, na kupaka mafuta ya mgando uso ungali na unyevu.

Lakini uso usiposikia mafuta, hatuna budi kuuliza swali ambalo watu huona haya kuliuliza: Wapaka nini?

Mwaka 1999 Daktari Masazumi Harada wa Japani na wenzake walichapa habari za uchunguzi wao wa zebaki katika nywele za watu wa upande wa Ziwa Victoria. Walipima wachimba dhahabu, wavuvi, na wakazi wa mji wa Mwanza. Ikaonekana ya kuwa baadhi ya watu wa mjini walikuwa na zebaki nyingi mno, wala haikutoka machimboni. Ilitoka katika sabuni waliyokuwa wakiogea.

Wachimbaji wetu waijua zebaki. Huichanganya na mchanga ili ishike dhahabu, kisha huichoma; na wengi wamekwisha kuonywa wasivute mvuke wake. Ni ajabu basi mtu aukimbie mvuke huo kazini, naye nyumbani ajipake zebaki ile ile kutoka katika kopo dogo la dukani! Zebaki huizuia ngozi isifanye rangi yake, ndiyo sababu uso hung'aa hapo kwanza. Baadaye huja vipele na mabaka, nayo sumu hupenya mwilini, ikadhuru figo na neva. Na mwenye mimba humpitishia mtoto.

Walimu, wasomeeni watu maandishi ya makopo. Likiwapo neno "mercury", "mercurio" au "calomel", lisinunuliwe. Mengine huonya ya kwamba dawa isiguse pete ya dhahabu. Mtu wa Geita hahitaji kufundishwa sababu yake.

Tena kuna mkorogo, ambao aghalabu hauna maandishi yo yote. Mara nyingi hutiwa dawa za hospitali kama betamethasoni na klobetasoli. Dawa hizi ni njema zitumiwapo kwa amri ya daktari, bali zikipakwa usoni miezi mingi ngozi huwa nyembamba, na choa hujificha chini yake kikienea. Siku mtu aziachapo, uso huwaka kama uliopakwa pilipili. Hapo hudhani ya kuwa mkorogo ndio uliokuwa ukimponya, akaurudia. Kumbe ndio uliomfunga.

Mtu wa namna hiyo msimcheke, wala msimwambie avumilie peke yake. Aende hospitali, maana pengine daktari atampunguzia dawa hizo kidogo kidogo. Na kopo alichukue mkononi, hata likiwa tupu.