Mizani Inapogoma: Mazoezi, Nishati na Hesabu za Mwili



Kila Januari swali hili husikika kwenye vikundi vya mchakamchaka na kliniki za kisukari. Mtu ameanza mazoezi kwa bidii, anatoka jasho, mapaja yanamuuma, lakini wiki ya tatu mizani inasoma kilo zilezile, au hata imeongeza moja. Kwa nini? Jibu analopewa mara nyingi ni lawama: hajitumi, au anakula kwa siri. Nimefundisha fiziolojia ya binadamu kwa muda mrefu na lawama hiyo inaniuma. Wengi wanaolaumiwa hawana kosa, na wengi huacha mazoezi kipindi kilekile ambacho moyo na mishipa yao imeanza kunufaika.

Tuanze na hesabu. Chukueni mama wa kilo 75 anayetembea haraka kilomita 5, siku tano kwa wiki. Kila safari inamgharimu takriban kilokalori 200 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa nyumbani. Kwa wiki ni 1,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kilokalori 7,700 hivi. Kwa hiyo, asipobadilisha chochote mezani, jasho la wiki nzima linamwondolea gramu 130 za mafuta. Na chapati moja ya kusukuma, iliyokolea mafuta, inaweza kurudisha safari yote ya siku hiyo.

Sasa ingizeni maji katika hesabu hiyo. Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni. Mtu mzima ana kama gramu 400 kwenye misuli na 100 kwenye ini. Misuli inayofanyishwa kazi mara kwa mara huongeza akiba hiyo, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Mama yetu akiongeza gramu 100 tu za akiba, uzito wake umepanda gramu 400. Mafuta aliyoyachoma kwa wiki tatu yamefunikwa, na mizani haiwezi kumwambia kipi ni kipi. Tena nyuzi za misuli isiyozoea kazi hupata majeraha madogo mno, zikavimba kidogo na kushika maji. Yale maumivu anayoyasikia kesho yake akishuka ngazi yanatokana na hayo. Katika siku za mwanzo sehemu ya majimaji ya damu nayo huongezeka, ili moyo usukume damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mwanamke ana jambo jingine juu ya hayo: maji ya mwili hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa hedhi, na kwa baadhi tofauti hiyo inafika kilo nzima. Kupima uzito kila asubuhi kwa kutafuta gramu 130 katikati ya mawimbi hayo ni kujitesa bure.

Lakini maji hayamwelezi mtu aliyekwama mwezi wa nne au wa tano. Kwa huyo inabidi twende Ziwa Eyasi.

Mwaka 2012 watafiti Herman Pontzer, Brian Wood na wenzao walichapisha vipimo vya matumizi ya nishati ya Wahadza, watu wanaoishi hapa kwetu Tanzania, kando ya ziwa hilo, kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na kurina asali. Njia waliyotumia ni ya kupendeza, nami huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mtu hunywa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, zisizo na madhara. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa njia ya maji na pia kwa njia ya kaboni dayoksaidi anayoitoa puani. Mkojo ukipimwa kwa siku kadhaa, tofauti ya kasi ya kutoka kwa vitu hivyo viwili inaonyesha kiasi cha kaboni dayoksaidi kilichozalishwa, na hapo unapata nishati iliyotumika bila kumfungia mtu maabara.

Wanaume wa Kihadza walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Yeyote angetarajia kuwa wanatumia nishati nyingi kuliko karani wa Marekani anayeshinda kitini. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya siku ililingana.

Mwaka 2016 Pontzer na wenzake walitoa vipimo vya watu wazima 332 kutoka Ghana, Afrika Kusini, Ushelisheli, Jamaika na Marekani. Kutoka kukaa tu hadi kujishughulisha kwa wastani, matumizi yalipanda. Kutoka hapo kwenda juu, hayakupanda tena kwa maana yoyote. Mwili unafanya kama familia yenye mshahara usioongezeka: ada ya shule ikipanda, kuna fungu jingine litakalopunguzwa. Wanafiziolojia bado wanabishana kuhusu ukubwa wa marekebisho haya na mafungu yanayoguswa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa yapo. Baadhi yanaonekana kwa macho. Aliyekimbia alfajiri hupanda bodaboda kwa safari aliyokuwa akiitembea, jioni hujilaza, na njaa humtuma kuongeza kijiko kimoja cha wali bila yeye kujua. Kisha aliyekwisha kupungua ana mwili mwepesi, na mwili mwepesi hutumia kidogo kwa kilomita ileile.

Mtanielewa vibaya mkidhani nasema mazoezi hayana kazi. Wahadza haohao wana presha ya juu kwa nadra, na mafuta katika damu yao ni ya kuonewa wivu. Anayetaka kupungua atafute upungufu wa nishati zaidi kwenye sahani na kikombe: sukari ya chai, soda, mlima wa ugali usiku. Mazoezi humsaidia sana baadaye, katika kuzuia kilo alizopoteza zisirudi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wauguzi na madaktari waliomo ukumbini. Mgonjwa anayeanza mazoezi, msimhukumu kwa mizani peke yake, hasa miezi miwili ya mwanzo. Chukueni futi kamba mpime kiuno. Pimeni presha na mapigo ya moyo akiwa ametulia. Mwenye kisukari mwonyesheni sukari yake kabla ya kutembea nusu saa na baada ya kutembea, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposhindwa kufanya kazi yake vizuri, na mara nyingi tofauti huonekana siku ileile. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akumbushwe kubeba kitu chenye sukari. Haya yote yanafanyika katika zahanati ya kijiji, kwa vifaa ambavyo zahanati nyingi tayari zinavyo, na nafasi ya kuyaandika iwekwe kwenye kadi ya mgonjwa kando ya ile ya uzito.