Muhuri Haushiki Bawa

Ripoti ya mwisho kuhusu ndege ya Tiger Moth iliyoanguka baharini karibu na kisiwa cha South Stradbroke, Queensland, tarehe 16 Desemba 2013, imekwisha kusomwa katika taarifa za habari, na hapana haja ya kuirudia neno kwa neno. Rubani na abiria wake walifariki muda mfupi baada ya kuanza sarakasi za angani. Mabawa ya upande wa kushoto yaling'oka ndege ikiwa hewani. Fimbo mbili za chuma zilizopaswa kuyashika zilikutwa zimekatika. Linalokitia wasiwasi kituo hiki ni jambo ambalo taarifa nyingi zimelipitia kwa sentensi moja na kuliacha, nalo ni kwamba fimbo hizo hazikuwa za magendo wala za kuokoteza. Zilitengenezwa kwa kibali halali. Kibali kilikuwapo, muhuri ulikuwapo, na bado zilikatika.

Fimbo zinazozungumzwa hupita ndani ya kiwiliwili cha ndege kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, zikiyaunganisha mabawa ya chini, na ncha zake huchongwa hesi, yaani mikato ya mzunguko inayopokea nati. Wachunguzi wa Ofisi ya Usalama wa Usafiri ya Australia, ATSB, walikuta katika hesi hizo, upande wa bawa la kushoto, nyufa zilizokuwapo kabla ya siku ya ajali, nyufa za aina ambayo wahandisi huiita uchovu wa chuma: chuma kinapovutwa na kulegezwa maelfu ya mara, kila mvuto ukiwa mdogo kuliko nguvu ya kukikata, ufa huanza pale penye mkato mkali, ukazidi kidogo kidogo, hadi sehemu nzima iliyobaki ishindwe kubeba mzigo wake. Fimbo za ndege hii zimewekewa ukomo wa saa 2,000 za kuruka. Hizi zilivunjika mapema mno kabla ya kuufikia ukomo huo, na msikilizaji anayejua mkato wa hesi ulivyo mwembamba, na unavyofichwa na nati, ataelewa kwa nini fundi hawezi kulaumiwa kwa kutouona ufa wa namna hiyo kwa kutazama tu.

Ili kulifahamu jambo hili inafaa kukumbuka ndege hiyo iliundwa kwa kazi gani. Tiger Moth, ndege ya kuwafunzia marubani, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, ikitoka katika kiwanda cha de Havilland cha Uingereza, na ilikuwa mtoto wa ndege ya kiraia iliyoitwa Moth, ambayo jeshi la anga la nchi hiyo liliipenda lakini likaikuta na kasoro moja kubwa: aliyekaa kiti cha mbele alifunikwa na bawa la juu pamoja na nguzo zake, kiasi kwamba kama angelazimika kuruka kwa mwavuli asingepata njia ya kutokea. Wahandisi walilisogeza bawa la juu mbele, kisha wakayarudisha nyuma kidogo mabawa yote ili uzani wa ndege usiharibike, na kwa ajili ya wokovu wa mwalimu mmoja katika kiti kimoja umbo la ndege nzima likabadilika. Mabawa yalikuwa ya mbao iliyovikwa kitambaa kilichopakwa rangi ya kukikaza, kiwiliwili kilikuwa cha mabomba ya chuma, na injini yake ya Gipsy Major ilikuwa na nguvu za farasi 130 tu. Haikuwa na breki. Ilitiwa moto na mtu aliyesimama mbele yake akalizungusha pangaboi kwa mkono, na mwalimu alizungumza na mwanafunzi aliye nyuma yake kwa kupaza sauti ndani ya mpira.

Ndege za aina hiyo zilizotengenezwa zilizidi 8,000, na zaidi ya 1,000 kati yake ziliundwa hapa hapa Australia wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya mpango wa kuwafunza marubani wa himaya. Afrika Mashariki nayo iliijua. Mwaka 1939 mwandishi Roald Dahl, wakati huo kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam, alikwenda kwa gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga na kujifunzia urubani katika Tiger Moth, akiwa mrefu hata kichwa chake kikapita kioo cha kuzuia upepo. Kwa maelezo yake mwenyewe, wanafunzi wenzake na yeye walikuwa 16, na 13 kati yao walikufa angani katika miaka miwili iliyofuata, wengi wao vitani.

Ndege ya jeshi, hata iwe dhaifu kiasi gani, ilikuwa na karakana ya jeshi nyuma yake, yenye bohari ya vipuri kutoka kiwandani na sajenti mwenye mamlaka ya kuizuia isiruke. Vita vilipokwisha ndege hizo ziliuzwa kwa bei ya kutupa, wakulima wakazinunua kwa kunyunyizia mashamba, vyama vya urubani vikazinunua, na baadaye zikaingia katika biashara ya kuwarusha watalii. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza. Ndege haikuacha kuruka. Pengo hilo likazibwa na karakana ndogo zinazotengeneza vipuri mbadala kwa kibali cha Mamlaka ya Usalama wa Usafiri wa Anga, CASA.

Hapa ndipo penye kidonda, na kituo hiki kimekwisha kukigusa mara nyingi katika mambo mengine, ya majengo, ya mabasi, ya dawa. ATSB imeeleza kwamba vipuri zaidi ya 1,000 viliidhinishwa kwa utaratibu uliokubali idhini ya usanifu iliyokwisha kuwapo, bila mamlaka kuthibitisha kwamba mambo muhimu ya matumizi, kama historia ya kipuri kikiwa kazini na ukomo wa maisha yake, yalikuwa yamezingatiwa ipasavyo. Kwa maneno mengine, karatasi iliidhinisha karatasi. Fimbo haikuulizwa imevutwa mara ngapi. Karatasi iliulizwa kama ina karatasi nyingine nyuma yake, na jibu likawa ndiyo, na muhuri ukapigwa. Wapo watakaosema kwamba ndege iliyobuniwa mwaka 1931 ni ya makumbusho na anayepanda amejitakia. Hoja hiyo haina uzito, kwa sababu waliokufa hawakuuawa na uzee wa ndege. Fimbo zilizokatika zilikuwa changa kuliko ndege yenyewe, na kama zingekuwa kuukuu pengine zingetiliwa shaka. Zilikuwa na muhuri, kwa hiyo hazikutiliwa shaka.

Muhuri haushiki bawa. Hesi ndiyo inayoshika bawa, nayo haisomi vibali. Mamlaka isijifariji kwamba fimbo zimekwisha kuzungumzwa na jambo limekwisha, maana fimbo ni kipuri kimoja katika orodha ya vipuri zaidi ya 1,000 vilivyopita katika mlango ule ule, na ni kwa sababu tu bawa liliondoka mbele ya macho ya watu ndipo kipuri hicho kikajulikana. Orodha hiyo itolewe hadharani. Kila kipuri kinachobeba uhai wa mtu kikaguliwe upya, kimoja kimoja, kwa kupimwa na wala si kwa kusomwa, na kisichoweza kuonyesha historia yake kifunguliwe na kuwekwa kando hata kama ndege italala bandani mwaka mzima. Wenye biashara ya kuwarusha wageni wasisubiri barua. Na wewe msikilizaji wa Brisbane au Gold Coast, uliyemnunulia mwanao au mgeni wako kutoka nyumbani tiketi ya kuruka katika ndege ya aina hii, usione haya: kabla hajafungwa mkanda katika kiti cha mbele, muulize mwenye ndege fimbo zimetoka karakana gani, zimefungwa lini na zimeruka saa ngapi, na kama hajibu papo hapo, dai fedha zako na mrudi nyumbani.