Mkono Uliolegea Upewe Kazi



Wahitimu wetu wa fiziotherapia, mnakwenda kukabidhiwa wagonjwa wa kiharusi. Wengi mtawakuta mkono mmoja umelegea mapajani, na ndugu wanaowapenda wakiwafanyia kila kitu: kuwalisha, kuwavisha, kuwachua kwa mafuta asubuhi na jioni. Upendo huo msiubeze. Ila waelezeni kwa upole kwamba kuchuliwa peke yake hakurudishi nguvu. Kiharusi hujeruhi ubongo, na ubongo hujifunza upya pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu kutenda, tena na tena.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla ya tiba, ambao vidole vyao vilikuwa na uwezo kidogo wa kusogea. Kundi moja lilivalishwa glavu nene kwenye mkono wenye nguvu kwa wiki 2, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, pamoja na mazoezi ya kila siku. Mwaka mmoja baadaye, kundi hilo lilikuwa bado mbele ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Basi upeni mkono dhaifu kazi yenye maana kwa mgonjwa mwenyewe. Mketisheni mezani, nyayo zikanyage sakafu, kikombe cha plastiki kiwe karibu. Afungue kiganja, akizungushie vidole, akiinue kidogo, akirudishe. Akiweza, ongezeni maji. Asiyeweza kusogeza hata kidole, wekeni kioo katikati ya mikono yake: atazame humo mkono wenye nguvu ukikunjuka, huku akijaribu kuukunjua na ule mwingine. Na kamwe msimnyanyue mtu kwa kumvuta mkono uliolegea. Bega likiumia, mazoezi yote husimama.

Wagonjwa wengi wakisharuhusiwa hukosa nauli ya kurudi kliniki. Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajatoka wodini, mwiteni binti, mume au jirani atakayebaki naye. Mwonyesheni mazoezi, kisha ayafanye mbele yenu, nanyi mmsahihishe. Mwandikieni kwenye karatasi kwa Kiswahili chepesi.

Wahitimu, asitoke mgonjwa mikononi mwenu bila mtu wa nyumbani anayejua la kufanya kesho yake. Nendeni mkafanye kazi hiyo kwa moyo.