Mpiga Tuba na Sauti Zake Kumi na Nne

Sogezeni viti karibu na redio, na penseli ziwe tayari. Leo hatusomi habari za mbolea wala za kutuma barua. Leo twasoma habari za mtu ambaye kazi yake kubwa ni kungoja.

Mwalimu, tafadhali andika neno hili ubaoni: TU-BA. Silabi mbili tu, someni wenyewe. Tuba ni mkubwa wao katika jamaa ya tarumbeta. Bila shaka mmeiona. Siku za sherehe hupita katika bendi ya polisi, na huko milimani Usambara imo katika vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kilutheri. Ni yule mtu wa nyuma aliyekumbatia dude la shaba kama mama aliyempakata mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa. Bomba lake limekunjwakunjwa. Lau ungelinyosha bomba la tuba kubwa, lingefika futi 18, yaani karibu meta tano na nusu. Kwa nini liwe refu hivyo? Kwa sababu bomba fupi hutoa sauti nyembamba, na bomba refu hutoa sauti nene. Midomo ya mpigaji hutetemeka mlangoni mwa bomba, na hewa yote iliyo ndani hutetemeka pamoja nayo. Baragumu la pembe hulia kwa njia hiyo hiyo.

Tuba si chombo cha kale. Wilhelm Wieprecht na Johann Moritz waliandikishiwa haki ya kuitengeneza mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 1835. Lakini watu wa pwani yetu walikuwa na mkubwa wao zamani kabla ya hapo, ndiyo siwa. Siwa la Pate ni la pembe ya ndovu, nalo lapita urefu wa mtu; la Lamu ni la shaba. Yote mawili yamehifadhiwa kwa majirani zetu wa Kenya. Siwa halikupigwa kila siku. Lilipigwa katika arusi za waungwana na katika mambo ya kifalme, tena kwa sauti chache tu. Hakuna aliyelidharau kwa uchache wa sauti zake.

Sasa twende Ulaya na Marekani, kwenye okestra. Okestra ni kundi la wapigaji wengi, pengine 80 au zaidi: fidla nyingi, filimbi, tarumbeta, ngoma. Tuba ni moja tu. Fidla hupiga karibu wakati wote, bali tuba huketi na kungoja.

Yuko mtunzi mmoja wa nchi ya Wacheki, Antonín Dvořák. Jina lake husomwa Dvorzhaki. Muziki wake uitwao “Kutoka Dunia Mpya” ulipigwa mara ya kwanza New York, mwezi wa Desemba 1893. Una sehemu nne, nao huchukua zaidi ya dakika 40. Katika dakika hizo zote, mpiga tuba ana sauti kumi na nne. Andikeni tarakimu: 14. Sehemu ya kwanza, yu kimya. Sehemu ya pili yaanza polepole, naye hupiga chini kabisa pamoja na wenzake wa shaba. Kisha hungoja, na kabla sehemu hiyo haijaisha hupiga tena. Basi. Sehemu ya tatu na ya nne hukaa na chombo chake magotini akisikiliza.

Mtu mwenye haraka atauliza: je, huyu alipwe sawa na mpiga fidla? Ngojeni kidogo, nitarudi hapo.

Mwenzake Dvořák, Mrusi Chaikovski, alitoa muziki wake wa sita mwaka huo huo 1893. Karibu na mwisho, upatu hugongwa mara moja tu, tena taratibu. Kisha tromboni tatu na tuba huimba chinichini, kama watu waliosimama kando ya kaburi. Siku tisa baada ya muziki huo kupigwa mara ya kwanza, Chaikovski alifariki.

Lakini mimi nampenda zaidi Gustav Mahler. Muziki wake wa kwanza ulisikika Budapest mwaka 1889. Katika sehemu ya tatu amechukua wimbo wa watoto wa Kifaransa, ule wa kupokezana, akaugeuza uwe wa huzuni. Fikra yake ilitoka katika picha iliyojulikana na watoto wa kwao: mwindaji amekufa, na wanyama wa porini ndio wanaobeba jeneza. Hebu fikirini! Anaanza mpiga zeze kubwa la besi peke yake, wengine wanafuata, halafu tuba yaingia na wimbo ule ule wa watoto. Mimi hapo humwona kiboko amevaa nguo za msiba. Sijui kama Mahler alifikiri kiboko, lakini mtu wa Korogwe aliyekulia karibu na mto ataona nini kingine?

Na yuko Musorgski, Mrusi pia, aliyetunga mwaka 1874 habari ya gari zito la kukokotwa na maksai. Alilitunga kwa piano. Mwaka 1922 Mfaransa Ravel aliligawia okestra, na gari lile akampa tuba. Wanaoyajua magari ya maksai kule Usukumani wataelewa mara moja. Kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa sauti zake zapanda juu mno, na wapigaji wengi hushika tuba ndogo zaidi ili waifikie.

Sasa nirudi kwenye lile swali. Nilipokuwa kijana niliingia katika kikundi kimoja cha matarumbeta. Nilitaka tarumbeta ndogo, yenye kupendeza wasichana. Nikapewa tuba, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amehamia Tanga. Katika basi kondakta alinitoza nauli ya watu wawili, mimi na tuba. Wakubwa wa kikundi wakaona hasara. Siku ya arusi moja wakaniambia, “Leo pumzika. Sauti zako ni chache, hazitakosekana.” Nikaenda kwa nauli yangu, mikono mitupu. Wenzangu walianza vizuri, kisha wakazidi kwenda mbio, na waimbaji wakapanda mpaka shingo zikawatoka mishipa. Bibi kizee mmoja, asiyejua hata tuba ni nini, akaniuliza, “Mjukuu wangu, mbona leo muziki hauna sakafu?”

Safari iliyofuata tuba ililipiwa nauli. Nami nikavimba kichwa, nikaacha kuhesabu. Tulikuwa mazikoni. Pakaja mahali pa kimya, nikapiga mapema, peke yangu, kwa nguvu zangu zote. Wafiwa wote waligeuka kunitazama. Mzee aliyetufundisha hakunigombeza. Jioni alinionyesha namna ya kuhesabu kwa vidole vya miguu ndani ya kiatu, watu wasione.

Nanyi jaribuni sasa. Mwalimu, chagua mtu mmoja, mpe debe na kijiti. Wengine pigeni makofi polepole. Mwenye debe ahesabu kimoyomoyo mafungu manne, na neno la kwanza la kila fungu libadilike ili asipotee: MOJA, mbili, tatu, nne. MBILI, mbili, tatu, nne. TATU, mbili, tatu, nne. NNE, mbili, tatu, nne. Makofi kumi na sita. La kumi na saba agonge debe mara moja, wala asiongeze.

Akikosea, aanze upya. Akiweza, mwongezeeni yawe mafungu ishirini, halafu mmwulize yeye kama kungoja ni kazi au si kazi, na jibu lake aliandike daftarini kwa sentensi tatu. Juma lijalo tutasoma hati ya mauzo. Kwaherini.